Kitani, Gundi na Subira

Ndege ya abiria ya leo haijengeki kwenye chumba cha uani. Unaweza kutengeneza umbo lake, ukalipaka rangi za shirika ulipendalo na likaruka vizuri tu, ila ndani yake hakutakuwa na chochote kinachofanana na ndege yenyewe. Ndege ya vita ya 1914 ni habari nyingine. Hiyo ilikuwa kiunzi cha mbao, kikakazwa kwa waya na kuvikwa kitani. Walioiunda ni maseremala na washonaji, na vita vilipopamba moto, nchini Uingereza kazi ilipelekwa hata kwa Ruston, Proctor wa mjini Lincoln, kampuni iliyojulikana kwa injini za mvuke na mashine za mashambani. Kwa hiyo mtu anayejifungia na vibao vya balsa, plaiwudi na uzi ili aunde ndege ya namna hiyo kwa robo ya ukubwa wake, iongozwe kwa redio, haigi sura tu. Anaifanya kazi ileile, kwa mpangilio uleule, na anakwama palepale walipokwama wenzake zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ndege ya povu ya dukani utaitoa kwenye boksi asubuhi na kuirusha jioni. Sina ugomvi nayo, ila siyo ninayoizungumzia hapa.

Nachukua mfano wa B.E.2c, ndege iliyotukanwa kuliko nyingi za wakati wake na ambayo mafundi wa ndege za mfano wanaipenda. Asili yake, B.E.2, ilibuniwa kabla ya vita na Geoffrey de Havilland kwenye kiwanda cha serikali cha Farnborough. Kisha mhandisi kijana, Edward Busk, akaifanyia hesabu za utulivu: bawa la chini likarudishwa nyuma kidogo ya la juu, mabawa yakainuliwa kuelekea nchani, mkia ukaongezewa pezi. Iliyotoka mwaka 1914 ilikuwa ndege ambayo rubani angeweza kuachia usukani nayo ikajiendea, na upepo ukiisukuma upande hujirudisha yenyewe. Busk hakuishi kusikia sifa wala lawama. Novemba ya mwaka huohuo aliungua angani ndani ya B.E.2c. Mwaka uliofuata Wajerumani walileta Fokker yenye bunduki inayofyatua katikati ya mapanga ya propela bila kuyagusa, na ndege isiyopenda kugeuka ikawa mawindo. Mwenzake rubani, ambaye ndiye alitakiwa kupigana, alikalishwa mbele chini ya bawa, nguzo na waya zimemzunguka kila upande, asijue apige wapi bila kuikata ndege yake mwenyewe.

Kazi huanza kwenye karatasi. Michoro ya kujengea inauzwa, lakini fundi anayejiheshimu haiamini mpaka ailinganishe na picha za wakati ule. Zipo B.E.2c chache zilizosalia, mojawapo kwenye makumbusho ya anga ya Ottawa, Kanada, na nyingine ya Imperial War Museum ya Uingereza. Vipo pia vijitabu vya Windsock vya Ray Rimell, ambavyo karibu kila fundi wa ndege za vita vile anavyo, kurasa zimelegea kwa kufunuliwa. Mtu hutumia majioni mazima akichungulia picha moja ya kijivu ili ajue kamba ya usukani ilitokea wapi ubavuni mwa ndege. Kwenye rangi ndiko ubishi usikokwisha. Waingereza walikuwa na rangi ya kukinga kitambaa iliyoitwa PC10, mchanganyiko wa udongo wenye kutu ya chuma na masizi, na mpaka leo hakuna wawili wanaokubaliana kama ilikuwa kahawia au kijani. Mchanganyiko ulitofautiana kiwanda kwa kiwanda na jua likaubadilisha. Nadhani wote wana haki, na nadhani pia wangeacha kubishana wengi wangekosa la kuzungumza.

Baada ya karatasi inakuja mizani, ambayo ndiyo bwana wa kazi hii. Ukipunguza urefu mpaka robo, eneo linakuwa sehemu moja ya 16 na uzito unapaswa kuwa sehemu moja ya 64. B.E.2c ikiwa imebeba mzigo wake ilikaribia kilo 970, na mabawa yake yalivuka mita 11. Basi mfano wa robo utakuwa na mabawa ya mita 2.8 na uzito wa kilo 15. Ukifikia uzito huo, mwendo unaofaa ni nusu ya ule wa ndege kubwa: ile ilifika kama kilomita 116 kwa saa, hii itapita mbele ya watazamaji kwa 58. Ukizidisha kilo, hakuna njia, lazima ikimbie zaidi ili isianguke, na ikikimbia jicho linakataa. Mtu asiyejua chochote kuhusu ndege atakwambia tu kwamba ile inaruka kama mdoli. Kwa hiyo uzito ni suala la usalama na pia la ukweli wa picha angani, na fundi bora huja chini ya hesabu hiyo ili abaki na akiba.

Ndiyo maana utamkuta dukani na mzani mdogo mfukoni. Balsa, mti ambao kwa sehemu kubwa hutoka Ecuador, ina tabia ngumu: vibao viwili vya kipimo kimoja vinaweza kupishana uzito maradufu. Kile chepesi kinatengwa kwa ajili ya mkia. Kigumu kinakwenda mbele. Mihimili ya mabawa haichezewi. Hapo panatakiwa mbao ya spruce yenye nyuzi zilizonyooka, na kinachoshika injini ni plaiwudi ya birch. Kuhusu mkia, wenye uzoefu ni wakali kweli. Ndege kubwa ilikuwa na injini ya chuma puani, nzito kulinganisha na mwili wake. Mfano una injini nyepesi, basi unaelemea nyuma kabla hujaanza. Gramu moja iliyoongezeka mkiani inaweza kudai tatu za risasi puani ili ndege isawazike, na zote nne sasa unazibeba angani. Gundi iliyofurika kwenye kiungo cha mkia hufutwa ikiwa mbichi. Kipande cha ndani kisicho na kazi hutobolewa. Nimewaona watu wakisugua kwa msasa mahali ambapo hapataonekana tena na mtu yeyote, wala hawaoni kwamba wanafanya jambo la ajabu.

Mbavu za bawa hazikatwi mojamoja. Fundi hutengeneza vigezo viwili vya plaiwudi kwa umbo kamili la ubavu, anapanga vipande vya balsa katikati yake, anavibana kwa boliti mpaka viwe gogo moja, kisha anachonga na kusugua gogo lote hadi kisu kiguse plaiwudi. Akifungua, ana mbavu zilizolingana kabisa. Katika B.E.2c hiyo ni neema, maana mbavu za bawa la juu na la chini zina umbo moja. Zikishapangwa juu ya mihimili na kushikamana, bawa tupu huwa kitu cha kutazama kabla ya kitambaa kulifunika, na wapo wanaoliacha ukutani kwa wiki nzima wakijifanya wanangoja gundi ikauke.

Kisha kitambaa. Kitani halisi ni kizito kwa vipimo hivi, kwa hiyo wengi hutumia hariri au kitambaa chepesi cha poliesta. Kinagandishwa kwenye kingo, kinakazwa kwa pasi au kwa maji, halafu kinapakwa vanishi ya selulosi inayokivuta mpaka kilie kikigongwa kwa kidole. Vanishi hiyo haina huruma. Inaendelea kuvuta kwa siku kadhaa, na kiunzi chembamba cha mkia kinaweza kuamka asubuhi kimejisokota. Dawa ni kukiacha kimebanwa kwenye ubao ulionyooka mpaka ivute yote iliyotaka kuvuta.

Hapo wengi humaliza. Anayetaka kazi kamili hushika sindano. Ndege inapopaa, hewa iliyo juu ya bawa hukinyonya kitambaa kukiondoa kwenye mbavu, na gundi pekee haikuaminika kukizuia. Kwa hiyo kwenye ndege halisi kila ubavu ulishonwa: sindano ndefu inaingia juu, inatokea chini, inazunguka ubavu na kurudi juu upande wa pili, fundo linafungwa, unasogea kidogo, unarudia. Aliyewahi kuutazama mtepe wa Lamu, mbao zake zimeunganishwa kwa kamba za nazi bila msumari, ataielewa kazi hii papo hapo. Juu ya mshono hubandikwa utepe wenye kingo za menomeno ili zisifumuke, nao unapakwa vanishi. Kwenye mfano wa robo kila mshono uko umbali wa vidole viwili hivi na mwenzake, na mabawa manne yana mbavu nyingi. Njia ya mkato ipo: unadondosha matone ya gundi nyeupe juu ya uzi, unafunika kwa utepe, na mtu aliyesimama hatua kumi hataona tofauti. Mimi nimesimama karibu zaidi. Jua likiwa chini, bawa lililoshonwa kweli lina vibonyeo vidogo mahali kila fundo lilipokivuta kitambaa, havilingani sawasawa kwa sababu mkono wa mtu haulingani, na tone la gundi haliwezi kufanya hivyo.

Waya zinagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza huficha fimbo ya kaboni ndani ya bawa ibebe mzigo wote, na waya za nje zinakuwa uzi wa mpira tu, pambo. Mkusanyo uwanjani unachukua dakika kumi. Kundi la pili hufanya kama Farnborough: waya zinazoinuka kutoka chini ya mwili kwenda nje zinalizuia bawa lisipande ndege ikiwa angani, zinazoshuka kutoka juu zinalizuia lisianguke ikiwa ardhini, na ukikata moja bawa linakunjika. Kila waya una kikazio chake. Kikikazwa mno, bawa linapinda na ndege inavuta upande mmoja. Kikilegea, bawa linatikisika. Asubuhi ya kurusha, mtu wa kundi hili anatumia saa nzima akizunguka ndege yake, anagusa waya huu, anausikiliza ule, anarudi wa kwanza, wakati wenzake wameshatua mara tatu. Niko upande wake. Ndege yenye waya za uongo ni nzuri, lakini imekwepa swali ambalo ndege za enzi hizo zilijengwa ili kulijibu.

Vya redio nitavipitia haraka maana havina siri kubwa: kipokezi cha gigahezi 2.4, mota ndogo (servo) nne au tano zilizofichwa chini ya kiti cha rubani, na kutoka hapo kamba mbili kwa kila usukani, zikipita nje ya mwili kama zilivyopita kwenye ndege kubwa. Injini ya kweli ya B.E.2c, RAF 1a, ilikuwa na silinda nane zilizopozwa kwa hewa na mabomba mawili ya moshi yaliyopanda wima mbele ya bawa la juu. Kwenye mfano yote hayo ni maigizo ya alumini na plastiki, na nyuma yake kumejificha mota ya umeme au injini ndogo ya petroli. Propela ya maonyesho ina mapanga manne, imechongwa kwa mbao za rangi mbili zilizogandishwa tabaka kwa tabaka. Ya kurukia mara nyingi ina mawili. Ni nadra sana mtu kulaumiwa kwa hilo.

Ikishapaa ndipo utaelewa kwa nini ndege iliyodharauliwa inapendwa. Utulivu ule ule uliowaua vijana wa 1915, kwa kuwa ndege iligoma kukwepa, ndio unaomsaidia mtu aliyesimama chini na rimoti, asiyeisikia ndege mwilini mwake wala kuona upeo wa macho kutoka ndani. Akikosea, anaachia, nayo inajiweka sawa. Waingereza wenyewe waliigundua neema hiyo gizani: usiku wa kuamkia Septemba 3, 1916, William Leefe Robinson aliangusha puto la kivita la Kijerumani, SL 11, karibu na London, akiwa kwenye B.E.2c, ndege ambayo rubani angeweza kuitegemea itulie huku yeye akishughulika na bunduki. Kinyume chake ni ndege ya kivita Sopwith Camel, ambayo silinda zake zilizunguka pamoja na propela, na mzunguko huo uliipindua ndege ghafla kulia na kuwaua wanafunzi wengi. Camel ya mfano yenye mota ya umeme haina mzunguko huo, kwa hiyo ni mpole kuliko ile ya kweli. Hapo mfano unadanganya, kwa faida ya mrushaji.

Hata hivyo B.E.2c haikosi masharti. Kona inaanza na usukani wa mkia, halafu mabawa. Ukianza na mabawa pua inakwenda upande usioutaka. Na ukipunguza moto wote wakati wa kutua, waya na nguzo zile zote zinaishika hewa, ndege inasimama angani na kuanguka mita moja kabla ya nyasi. Inatuliwa injini ikiwa bado inavuta.

Kufufua mfano wa zamani ni kazi tofauti, na kwa macho yangu ngumu zaidi. Tuseme ni ndege iliyojengwa miaka ya 1970, imetolewa darini, mmiliki wake hayupo tena. Zamani injini nyingi za mifano zilitumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, mafuta yaleyale waliyotumia marubani wa Camel, na kinachotoka kwenye bomba la moshi huingia taratibu kwenye mbao. Pua ya ndege hiyo itakuwa nyeusi na laini. Fundi mzoefu haanzi kwa kukata. Anaipima uzito, anatafuta mahali inaposawazika, anapiga picha kila upande, anaandika. Kisha anaushika mwili kwa mikono miwili, anausokota kidogo sana, sikio likiwa karibu: gundi ya zamani ya selulosi hukauka na kuwa kama kioo, na kiungo kilichokufa husema *tik* ndogo kabla hakijaonekana kwa macho. Anaweka alama kwa penseli. Anasogeza mkono.

Mafuta yanatolewa kwa poda. Poda ya mtoto inakorogwa na spiriti mpaka iwe uji, inapakwa juu ya mbao, inaachwa ikauke na kunyonya, inabrashiwa ikiwa imegeuka manjano, na zoezi linarudiwa mpaka inapotoka nyeupe. Mbao inayobaki laini chini ya ukucha haiponi, inakatwa, ila kwa mshazari mrefu, ili kipande kipya kishikane na cha zamani kwa uso mpana. Kipande hicho kinachaguliwa kwa uzito na mwelekeo wa nyuzi, kwa sababu kikiwa kigumu kuliko jirani yake ndege itavunjika pembeni mwa kiungo siku ya kutua vibaya. Kitambaa kilichochanika kinazibwa kwa kiraka chenye kingo za menomeno, na rangi yake inatiwa kahawia kidogo ilingane na uzee wa iliyoizunguka. Vyombo vya redio vya zamani vinatupwa vyote bila huruma: betri za kadimiamu zilizovuja hula waya kwa ndani, na waya mweusi wa namna hiyo umeangusha ndege nyingi zilizokuwa nzima.

Ugumu hasa uko kwenye maamuzi. Mjenzi wa kwanza aliweka alama ya kikosi mahali pasipo sahihi. Je, urekebishe? Alipaka kijani pale ambapo wewe una hakika ni kahawia. Ufute? Wapo wanaofuta, na ndege inatoka mpya, imenyooka, haina mwenyewe. Naona wanakosea. Sehemu inayobeba uzito angani ifanyiwe kila kinachohitajika. Sehemu ya macho iachwe kama yule wa kwanza alivyoipenda, makosa yake yakiwemo. Na ndege nyingine zisirushwe tena.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni mambo ya mbali. Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza, chenye marubani wengi wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na B.E.2c zake na kuzirusha kutoka Mbuyuni, kwenye mbuga za kuelekea Kilimanjaro. Mwaka mmoja kabla, meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na ndege za majini zilizoletwa kuitafuta zilishindwa na joto na unyevu: mbao zilipinda, gundi ikaachia, nyingine zikashindwa kunyanyuka majini. Ndipo zikaletwa Henri Farman na Caudron za magurudumu, zikarushwa kutoka kisiwani Mafia. Julai 11, 1915, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold waliendelea kutuma ishara za kuelekeza mizinga ya meli za Uingereza Severn na Mersey hata baada ya ndege yao kupigwa na kuanza kuanguka mtoni, na siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa. Ningependa kando yake iwekwe Caudron au Henri Farman ya robo, imejengwa hapa na wanafunzi wa useremala na ushonaji, mbavu zake zimeshonwa kweli. Vyuo vya ufundi vina mikono hiyo. Balsa italazimu kuagizwa, ila mihimili inaweza kutoka kwenye msonobari mwepesi ulionyooka, na gundi za leo haziogopi unyevu wa pwani. Anayetaka kwenda mbali zaidi na kuirusha, aanze kwa kuomba kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi yake, kisha atafute uwanja mpana usio na watu. Kilo 15 zikianguka zinaua.